Mahari Kubwa Hapa Kitale

Jumapili, 2 Februari

Barua sita leo. Mkono unauma mpaka kwenye kiwiko.

Ya Wafula kwanza, ndugu yangu wa damu. Halafu wale watano wa wodi yake pale gereza la Bungoma. Hawana mtu wa kuwaandikia. Walisikia barua za Wafula zikisomwa, wakaomba na wao. Nani atawalaumu? Mimi nimefika Juba, nimefika Kampala, nimelala Goma wiki mbili na lori ya simiti. Darasa la sita niliacha nikiwa namba tatu. Katika soko lote la mahindi la Kitale, mtu anayeandika majina ya wenyewe kwenye magunia ni mimi, na hakuna gunia limewahi kwenda kwa mtu mbaya. Wananiita Profesa. Sawa, nilianza kujiita mwenyewe, lakini wao wameendelea.

Ya Wafula naiandika rafu hapa kwanza, ndiyo nikinakili isiwe na madoa:

"Mdogo wangu, jipe moyo. Nina habari tamu. Nafula wako amepata mahari kubwa hapa Kitale. Mimi mwenyewe ndiye nilienda kuongea na mwenyewe na tukaelewana. Mama amefurahi na amebariki. Usiwe na wasiwasi juu ya huyo mwanamke tena."

Kawaida mimi huandika "pahali" kama watu wote. Leo nimeweka Kiswahili ya vitabu. Mtu akiwa ndani anahitaji maneno yamepigwa pasi.

Kibanda chenyewe kiko karibu na lango la soko la mitumba. Nafula, mke wake, ataning'iniza nguo za watoto. Nilimbembeleza mwenye kibanda siku tatu. Wafula akisikia atalala usingizi wa mtu huru.

Jumapili, 9 Februari

Tarehe kumi na tatu Machi Wafula anarudi mbele ya mahakama. Alifungwa miaka minne kwa kununua pikipiki ya wizi kule Lwakhakha. Kijana mjinga, aliona bei akaona baraka. Amemaliza miwili na nusu. Wakikubali, hiyo iliyobaki atamalizia nyumbani chini ya afisa wa probesheni. Afisa ataongea naye kwanza, halafu aje Sirisia kwa Mama aone boma na watu wake. Akiona kuna pa kurudi, mambo yameisha.

Kwa hivyo leo nimemwandikia ya kumpa nguvu. Nimemwambia Nafula ameanza vizuri, anacheka tena, ameongeza mwili. Nimemwambia jirani yake sokoni ni jamaa wa kuuza kufuli, mtu mpole sana, anamsaidia kufungua asubuhi. Nimemalizia: "Sisi wote huku tuna furaha, wewe tu ndiye umebaki."

Nimeirudia mara mbili. Bana, ningesoma mpaka chuo, wangenikoma.

Jumapili, 16 Februari

Hakuna jibu la Wafula. Wiki mbili.

Wanne kati ya wale watano wamejibu, lakini baridi kama chai ya mkutano. Huyo wa kutoka Chwele, ambaye nilimwandikia kuhusu ndama wa mama yake mpaka nikaenda kumwona ndama na macho yangu, ameandika mstari mmoja. "Asante. Usijisumbue tena."

Usijisumbue! Nimetoka Kitale mpaka Chwele kwa sababu ya ndama!

Mzee Juma pekee hajaandika kitu. Huyo ni fundi cherehani wa Bungoma, alikuwa anashonea nyuma ya msikiti. Ndiye msomaji wa wodi. Wafula aliacha shule darasa la pili akachunge ng'ombe, barua kwake ni mchwa kwenye karatasi. Mzee Juma ndiye husoma kwa sauti, na Kiswahili yake ni safi kama ya redio, hata viziwi wanasikia. Kila nikipita Bungoma, naenda kuangalia ile baraza yake ndiyo nimwambie nani amekalia. Sasa na yeye kimya.

Nimewakosea nini?

Jumatano, 19 Februari

Bungoma leo. Nimeacha magunia mia mbili bila majina. Wenye mahindi wananitafuta kama mwizi.

Nikaandikisha jina mlangoni. Nikangoja kwenye benchi. Nimebeba sabuni, dawa ya meno, na maneno ya kumchekesha nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Ile ya padri na punda wa Goma.

Afande akarudi peke yake. Wafula amekataa kutoka.

Nikasema labda hajasikia jina vizuri. Afande akasema amesikia, na amesema hana ndugu wa jina hilo.

Sabuni nimerudi nayo. Mbele ya watu wote wa benchi. Mama mmoja akaniangalia kama ni mimi nimeiba hiyo pikipiki.

Ijumaa, 21 Februari

Hasira. Sina kingine cha kuandika. Miaka miwili na nusu, kila Jumapili, jua au mvua. Na huyu mtoto nilimbeba mgongoni nikimvusha mto Lwakhakha. Hana ndugu wa jina hilo!

Jumatatu, 24 Februari

Mambo yameharibika.

Afisa wa probesheni amenipigia. Mtu wa adabu, anaongea polepole kama anayepima dawa. Amekaa na Wafula. Amemuuliza, ukitoka utaishi wapi? Wafula akasema hana boma. Mke? Hana. Kaka? Hana. Mama je? Akasema Mama wamwache, ni mzee, ameamua upande wake.

Afisa akasema yeye anaandika kile mfungwa amesema. Bila pa kurudi, hawezi kuiambia mahakama imtoe. Akaniuliza, "Bwana, kwenu kuna shida gani?"

Kwetu! Sisi kwetu kuna shida gani! Nimepiga kelele kwenye simu mpaka wachukuzi wakaweka magunia chini. Halafu nikaomba msamaha. Yeye hana makosa.

Mwaka mmoja na nusu. Atakaa huko mwaka mmoja na nusu bure, na nyumba ipo, na mke yupo, na mimi niko hapa na kalamu mkononi.

Kuna mtu amemtia sumu masikioni. Nikimpata nitamshona kwenye gunia.

Alhamisi, 27 Februari

Leo nimefanya kitu mbaya.

Nilienda kwa kibanda cha Nafula. Jamaa wa kufuli alikuwa anamshikia kamba wakitundika magauni. Nikaangalia ile kamba. Nikaangalia huyo jamaa. Kichwa yangu ikaanza kupiga hesabu zake.

Nikamwita shemeji kando nikamuuliza kama kuna kitu amefanya ambacho Wafula amesikia.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikunja gauni moja ndogo, akaikunja tena mpaka ikawa kama kitambaa cha mkono, akasema, "Shemeji, miaka miwili na nusu mimi nalala na watoto wawili kwa kitanda ya mtu mmoja, nikimngoja. Sasa na wewe unaniuliza?"

Jamaa wa kufuli ana miaka sabini, na jicho yake moja haioni. Niliandika "jamaa" kana kwamba ni kijana. Mimi hupenda kuchangamsha habari.

Nimeondoka bila kuaga. Mjinga mimi.

Jumamosi, 1 Machi

Barua ya Mzee Juma imefika. Mwandiko umelala vizuri, kama nguo kwenye sanduku. Nainakili:

"Bwana Profesa, salamu. Barua zako nimezisoma mbele ya wenzangu kwa raha nyingi. Hizi mbili za karibuni zilinishinda, lakini mdogo wako alinitaka nisome mpaka mwisho, nami nikasoma. Bwana, mambo ya mahari ya mkewe, mtu hapewi kwa kalamu ya kuchekelea, tena na kaka yake. Wafula anasukuma sahani. Wenzake wamekasirika kwa ajili yake. Mimi ni mgeni wa mila zenu, huenda kwenu hivyo ndivyo. Kama ndivyo, basi mwacheni apumue."

Nimesoma mara nne na kila mara nimekasirika zaidi. Mambo ya mahari ya mkewe! Kwa nini nisimwambie mahari ya mke wake? Mke akipata kibanda, mume asifurahi? Mila gani inakataza kibanda? Huyu mzee kifungo kimemwingia kichwani.

Jioni hiyo hiyo

Nimeenda kuomba msamaha kwa Nafula, na pia kumlalamikia juu ya Mzee Juma. Yeye alifika kidato cha nne. Akasoma ile barua. Akauliza mimi nilikuwa nimeandika nini hasa.

Nikamletea kitabu hiki. Nilifunika ukurasa mwingine na kiganja, nikamwacha aone rafu tu.

Akasema, "Shemeji, hebu soma hapa kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti yangu ya mkutano. Nafula wako amepata mahari kubwa hapa Kitale.

"Sasa mahari ni nini?"

"Si ni pahali? Kiswahili ya vitabu."

"Hiyo ya vitabu ni mahali. La, le, li, lo, lu. Hii yako ni ng'ombe, shemeji. Umemwambia nimeolewa."

Nikaketi chini, juu ya bando la mitumba la mtu.

Kwetu L na R ni majirani, wanaombana chumvi bila kupiga hodi. Nani huwaangalia? Kama Wafula angeisoma mwenyewe, au angesomewa na mtu wa kwetu, angejua ni mdomo tu. Lakini amesomewa na Mzee Juma. Huyo mzee hajawahi kukosea R tangu azaliwe. Imetoka mdomoni mwake ikawa kweli.

Na ningeandika "pahali", hata "pahari", hakuna kitu kingetokea. Hakuna ng'ombe kwenye pahari. Ni ule usomi wangu.

Nimeisoma barua yote upya na ng'ombe ndani. Mimi mwenyewe ndiye nilienda kuongea na mwenyewe na tukaelewana. Mama amebariki. Amepata kubwa. Halafu ile ya pili: anacheka tena, ameongeza mwili, kuna mtu mpole anamsaidia kufungua asubuhi. Sisi wote huku tuna furaha.

Mungu wangu.

Nafula alianza kucheka, halafu ikawa si kucheka.

Jumatatu, 3 Machi

Bungoma, mimi na Nafula. Wafula tena amekataa kutoka. Nilitegemea hivyo.

Nikamwandikia Mzee Juma pale pale mlangoni, kwenye karatasi ya sabuni: "Mzee, Ramadhani njema. Tafadhali msomee Wafula mbele ya wote. Si MAHARI. Ni MAHALI. Kibanda cha kuuza nguo. Hakuna mwanaume. Hakuna ng'ombe. Kosa ni la kaka yake, mwenye ulimi wa Sirisia na kichwa kubwa."

Afande wa mapokezi lazima asome kila karatasi inayoingia. Akasoma. Akasoma tena midomo ikicheza. Akaondoka kuelekea dirishani akatugeuzia mgongo, mabega yakitetemeka. Aliporudi macho yalikuwa na maji. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema Sirisia. Akasema yeye ni wa Lwakhakha, na hata yeye ripoti zake hurudishwa. Akaipeleka mwenyewe, mbio.

Tukangoja. Nafula hakukaa. Mimi nilikaa nikihesabu nywele za mikono yangu.

Halafu tukasikia kelele kutoka ndani. Wanaume wengi wakicheka pamoja, kama goli limeingia. Sijawahi kusikia gereza likicheka. Sikufurahi hata kidogo. Wanacheka, na huyu kijana amekaa wiki nne bila kula vizuri.

Wafula akatoka.

Amekonda. Shingo imekuwa ya kuku. Alimwangalia Nafula tu, akamuuliza ni kibanda kweli? Akasema ni kibanda, mabati matatu na turubai, upande huu samaki wa omena, upande ule kufuli. Akauliza mvua inaingia? Akasema inaingia kidogo, kwenye kona. Wafula akatingisha kichwa kama fundi. Walikaa na habari ya hiyo kona ya mvua muda mrefu, yale mazungumzo ya watu wawili ambayo mtu wa tatu ni kiti.

Mwisho akanigeukia. Nilikuwa tayari na utani. Akasema, "Nafula kuchoka, hiyo ningeelewa. Mke wa mtu aliye ndani ana haki ya kuchoka. Wewe ndiye uliniua. Wewe ulifurahi."

Nimefika Juba, nimefika Kampala, nimefika Goma. Nikampa sabuni, bila karatasi yake.

Alhamisi, 13 Machi

Mahakama. Dakika nne.

Wafula alikuwa amemwita afisa akamwambia yote upya. Lakini ripoti ya kwanza ilikuwa imeshaingia kwenye faili, na faili halicheki. Imeandikwa: mfungwa hana boma. Afisa akaomba muda aende Sirisia aandike nyingine. Hakimu akatoa mwezi mmoja, mpaka tarehe kumi Aprili.

Mwezi mzima wa mtu. Nimeula mimi. Kwa herufi moja.

Nilitaka kusimama niseme kosa ni langu. Karani akanionyesha kwa kidole niketi.

Jumapili, 16 Machi

Barua sita. Sasa Nafula anazipitia kwanza, na kalamu nyekundu. Leo amenizungushia miduara kumi na minane. Nimeandika "fulaha". Nimeandika "kurara". Nimemwandikia mtu wa Chwele, ambaye amenisamehe, kwamba ndama "anakura" vizuri.

Nilimwambia Nafula kwamba huko Juba watu walinielewa. Akasema huko Juba hakuna mtu alikuwa anangoja mahakama.

Nachukia ile kalamu. Naichukia zaidi kwa sababu haikosei.

Kwa Wafula nimeandika maneno machache. Nimeandika samahani. Nafula hakuzungushia kitu.

Jumanne, 25 Machi

Afisa amekuja kwa Mama. Ameona nyumba, choo, shamba. Mama amemvuta mkono mpaka kwa nyumba ya Wafula, akampigia ukuta kwa ngumi kuonyesha ni imara. Udongo ukamwangukia afisa kwenye viatu. Mama akasema hiyo ni ya juu tu.

Akaniuliza mimi kama nina la kuongeza. Watu wote wakaniangalia kwa woga. Nikasema hapana.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna barua ya Wafula tena wiki hii. Mzee Juma ameniambia anazisikiliza. Anasikiliza tu, hasemi jibu la kuandikwa. Mzee amejilaumu pia, ati angeuliza kabla ya kusoma. Nimemjibu asiniibie dhambi yangu.

Nimemwambia baraza yake sasa amekalia msichana mwenye cherehani ya umeme, na anashona vizuri. Nilifikiria kumdanganya kwamba iko tupu inamngoja. Yeye bado ana miaka sita ya kifungo. Nikaacha ukweli ubaki.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamemtoa.

Alitoka na mfuko wa nailoni na viatu visivyo vyake. Nafula na watoto. Mama aliimba mpaka askari mmoja akamwomba aimbie kule barabarani.

Nilimpa mkono. Akaupokea. Ni hivyo tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sirisia. Palizi ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo laini.

Wafula alianza mstari wake, mimi wangu kando. Yeye analima kwa kuinama kabisa, kama baba yetu. Mimi miaka mingi ya magunia imenikausha mgongo, nasimama kila mara kujifanya naangalia mawingu.

Katikati ya shamba aliniacha nyuma. Akafika mwisho, akapangusa jembe kwa gugu. Nikajua sasa ataenda kunywa maji.

Hakwenda. Aliingia kwenye mstari wangu kutoka ule upande mwingine, akaanza kulima akija kwangu.

Tulikutana. Majembe yaligongana kidogo. Nilikuwa na utani mmoja mzuri sana hapo, kuhusu majembe. Nikaunyamazia.

Upande wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu.